Kumsumbua Mwenye Nyota

Ahero, 9 Februari 2025

Nasipwondi mwanangu,

Salamu kutoka Ahero. Mimi niko mzima, goti tu ndilo lina siku zake. Ninyi huko Cape Town mnaendeleaje? Frankline anakula? Mwambie mama yake ameuliza.

Naandika kwenye daftari na kukupigia picha kwa sababu kubonyeza simu kunanichosha vidole, na kuongea kwa simu sikio langu halitaki. Na ni Kiswahili, maana umeolewa miaka sita na Kijaluo chako bado ni cha kuomba maji tu.

Sasa nina shida. Mwezi ujao nimepewa kufundisha akina mama pale kanisani, somo ni uumbaji. Nikajisemea, mimi nina mkamwana anayelipwa kuangalia nyota, kwa nini nibabaike? Niambie ziko ngapi. Andika kwa namna ambayo Mama Achola atashika, kwa sababu yeye huuliza maswali mpaka chai inapoa.

Ni mimi mama yako,
Benta

Cape Town, 23 Februari 2025

Mama mpendwa,

Natumaini goti limetulia. Sisi tu wazima. Frankline anakula, tena anakula changu pia.

Swali lako lilinipeleka jikoni. Nilipima gramu kumi za mchele, nikakaa mezani nikahesabu chembe moja moja. Mwanao alidhani nimechanganyikiwa. Zilikuwa mia nne na hamsini. Kwa hivyo gunia la kilo hamsini lina chembe milioni mbili na robo hivi. Sasa chukua galaksi yetu peke yake, hili kundi la nyota ambalo jua letu limo. Tukikadiria kidogo kabisa, ina nyota bilioni mia moja. Ukiweka chembe moja kwa kila nyota, unahitaji magunia zaidi ya elfu arobaini na nne. Waambie akina mama wafikirie skimu nzima ya mpunga hapo Ahero imevuna, malori yamepanga foleni mpaka barabara kuu, na jua letu ni chembe moja ndani ya gunia moja. Dunia haifiki hata vumbi la gunia hilo.

Na galaksi kama hizo ziko mabilioni. Juzi tulipata picha ambayo kila nukta ndani yake ni galaksi, na mwanga wake ulianza safari kabla dunia haijakuwepo. Terry, mwenzangu wa kazi asiyependa maneno, aliangalia akasema taratibu, "Kumbe." Mimi kila nikiitazama kifua kinajaa furaha, Mama, sijui hata niiweke wapi.

Mkamwana wako,
Nasipwondi

Ahero, 23 Machi 2025

Nasipwondi mwanangu,

Habari za huko? Huku mvua imeanza, na nimepandisha vitu juu ya meza kabla maji hayajaniamulia.

Somo lilikwenda vizuri mno. Nilibeba gunia halisi nikaliweka mbele ya madhabahu. Nilipofika kwenye malori, wa viti vya nyuma walisimama kuliangalia lile gunia. Mama Achola hakuuliza swali hata moja, alikuwa anafuta macho. Tuliimba mpaka mchungaji akasahau matangazo.

Lakini kuna jambo nitakuambia wewe tu. Unajua mimi huomba kwa majina. Nilikuwa namtajia Mungu kila kitu: goti, kuku anayetaga porini, bei ya mchele, Frankline na kifua chake, wewe. Tangu siku ile naona haya. Mwenye malori yote hayo, na mimi nimemshika shati kwa sababu ya kuku? Kwa hivyo nimepunguza kumsumbua. Siku hizi namsifu, naimba, basi. Majina nimeyaacha. Ninyi nimewaweka kwa jumla, pamoja na wote walio mbali na nyumbani. Na nimepata amani, ni kama mtu aliyeacha kelele.

Asante kwa kunifungua macho.

Mama yako,
Benta

Ahero, 29 Juni 2025

Nasipwondi,

Hamjambo? Maji yaliingia mpaka uani mwezi wa tano yakarudi, hatukupoteza mtu.

Nimekutumia picha tatu za barua tangu Pasaka. Naona zile alama za bluu, najua umesoma. Frankline nikimuuliza anasema una kazi nyingi. Mtoto wangu huyo hajui kudanganya tangu akiwa darasa la pili. Kama nimekukosea, niambie. Mimi ni mtu mzima, nitavumilia.

Mama yako

Cape Town, 22 Julai 2025

Mama,

Nisamehe. Hujanikosea, na natumaini u mzima kuliko mimi.

Nina mimba ya miezi minne. Wale wawili tuliowapoteza unawajua, ulilia nasi. Huyu naye daktari anasema mlango wa kizazi hauna nguvu. Wameushona, na nimeambiwa nilale. Nimelala wiki ya tatu sasa naangalia dari.

Nilijua mwishoni mwa Aprili. Nilikuwa nimeshika simu kukuandikia, nikakumbuka kwamba majina umeyaacha, na kwamba ni mimi na mchele wangu tuliokufikisha hapo. Niliona aibu kukuomba kitu ambacho nilikusaidia kukiacha. Basi nikanyamaza.

Nikuambie ukweli ambao sijawahi kukuambia. Mimi sijui kuomba vizuri. Naanza, halafu nafikiria ukubwa wa yote, maneno yananiishia. Miaka hii sita nimekuwa nikilala vizuri kwa sababu nilijua kila alfajiri kuna mtu Ahero ananitaja. Sikukuambia kwa sababu ya kujifanya msomi. Kama Mungu anasikia au hasikii, darubini haiwezi kuniambia. Lakini naogopa, Mama, na sitaki kuwa kwenye jumla. Mtaje huyu mtoto. Tafadhali msumbue Mungu.

Nasipwondi wako

Ahero, 10 Agosti 2025

Nyathina, mwanangu wa tumbo la mwenzangu,

Umelala? Umekula? Usiinuke kunijibu.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi. Nilitaka kuomba, midomo ikakataa. Nilisema, Mungu wa magunia hayo yote, nitaanzia wapi?

Alhamisi tulikuwa tunapandikiza mpunga. Wewe ni mtu wa mahindi kutoka Bungoma, hii kazi hujaifanya. Miche huota kitaluni, halafu tunaing'oa na kuichomeka matopeni, miwili miwili, kwa vidole hivi. Tulikuwa kumi na wawili tumeinama. Ilipofika saa nne nilisimama kunyoosha mgongo, nikaangalia majaruba yalivyokwenda mpaka macho yanachoka. Kijani kitupu. Nikajiuliza, katika hii skimu yote, ni shina gani ambalo halikupita vidoleni mwa mtu? Hakuna. Hata moja, Nasipwondi. Yale malori uliyonipangia barabarani, kila gunia lilianza kwa mtu kuinama na kushika mche.

Kama sisi wenye migongo mibovu tunaweza, Yeye asiye na mgongo wa kuuma atashindwa na nini? Nilikuwa nimemfanya mkubwa kama mfanyabiashara mwenye makarani, asiyegusa mche mwenyewe. Nikaona aibu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Basi nikaomba pale pale, matope magotini. Nilikutaja jina lako lote, na la baba yako Walubengo, nikamtajia mshono wenyewe. Mama Achola aliuliza nagombana na nani. Nilipomwambia, wenzangu wote kumi na mmoja waliacha miche wakaomba, na mwenye shamba alivumilia.

Nimerudia kila alfajiri tangu hapo. Na huyo kuku pia nimemrudisha kwenye orodha.

Mama yako,
Benta

Cape Town, 21 Oktoba 2025

Mama,

Unaendeleaje? Frankline alikupigia Jumapili, lakini najua sikio lako, kwa hivyo pokea kwa maandishi: una mjukuu, msichana. Amekuja wiki kumi mapema. Ana kilo moja na gramu mia tatu, na yuko kwenye mashine ya joto. Mkono wake wote unashika ncha ya kidole changu. Kwenye kitanda wameandika tu "mtoto wa Nasipwondi". Tunasubiri jina kutoka kwako.

Anapumua mwenyewe. Shida ni uzito. Siku mbili za kwanza ulishuka, na daktari alisema sasa lazima uanze kupanda.

Jana jioni nilisimama kando ya mashine ile. Nilijua yote ninayoyajua, magunia na galaksi, hakuna lililopungua hata kidogo. Nikafungua mdomo nikaomba gramu ishirini. Sikusema afya wala baraka. Nilisema, "Baba, gramu ishirini, kufika asubuhi."

Leo saa kumi na mbili nesi alimweka kwenye mizani. Alikuwa ameongeza ishirini na tatu. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia, nesi akakimbia kumwita daktari, akidhani nimesoma mizani vibaya na kuona uzito umeshuka.

Binti yako,
Nasipwondi