Kocha Hakwenda Kuwapa Pole

Peninah, madam karibu anifukuze leo, na sijui kama nimekosea.

Unamkumbuka babake, yule mzee Mmarekani ninayemtunza huku kwa Waarabu. Alikuwa kocha wa vyuo vikuu huko kwao, ule mpira wa kuvaa kofia ngumu. Ukuta mzima umejaa vikombe na picha.

Nilikuwa napangusa picha moja nikamuuliza kijana huyu ni nani. Akasema, "Dale. Alianguka mazoezini kwa sababu ya jua. Alikuwa ameomba kupumzika, nikamkatalia." Alikufa siku hiyohiyo.

Nami kwa mazoea ya kwetu nikauliza tu, "Mamake alikuambia nini ulipoenda kuwapa pole?"

Akajibu, "Sikwenda. Mawakili wa chuo walinikataza."

Hakwenda, Peninah. Hata mazishini hakwenda. Miaka arobaini sasa.

Akaanza kulia, mzee wa miaka themanini na moja. Madam akaingia. "Justus, umemwambia nini baba yangu?" Nikamweleza. Akasema, "Hayo yaliisha. Khalas. Ukiyataja tena unarudi Kenya."

Alipotoka, mzee akanishika mkono. "Mamake Dale angali hai. Nambari ninayo. Nisaidie nimpigie."

Unajua nilivyohangaika kupata kazi hii. Lakini nimemkubalia, kesho madam akienda ofisini.

Ameniuliza aanze kwa kusema nini, nami nakuuliza wewe. Nyinyi mlimzika kaka yako mwaka jana. Mama yako angetaka kusikia nini kwanza kutoka kwa mtu kama huyu?