Mikorosho Niliyoipanda kwa Mzee Mkumba

Nyamwage, Rufiji
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Erasto,

Kamwene. Natumaini baridi ya Mufindi haijamkaza mama magoti, na kwamba wewe na shemeji mnaamka salama. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechacha, na nitakueleza kwa mpangilio. Diari yangu iko wazi hapa mezani ili nisiongeze chumvi.

Kesi ya shamba nimeshindwa.

Unakumbuka nilikodi pori la Mzee Mkumba, Mungu amrehemu. Mkataba tulichapiwa stesheneri pale Kibiti. Mchapaji alichukua mkataba wa kupanga chumba, akafuta "chumba", akaweka "shamba", tukasaini. Ndivyo wengi tunavyofanya huku. Kifungu cha mwisho kikabaki vilevile: muda ukiisha, mpangaji atalirudisha shamba kama alivyolikuta.

Nilipotaka kupanda mikorosho nilisita, maana ardhi si yangu. Mzee akacheka. "Nyie watu wa bara waoga! Huku kwetu ardhi ya mwenyewe, mti wa aliyepanda. Hata nikifa wanangu wanalijua hilo. Panda, mwanangu." Mche wa kwanza, ule wa njiani, aliushika kwa mkono wake mimi nikifukia. Jirani yangu Bi Zuhura alikuwepo, akatutania kwamba tunafunga ndoa bila shehe.

Mzee akafariki. Mkataba ulipoisha, mwanawe Shabani akaja kutoka Dar es Salaam, akakuta mikorosho inazaa, akaniambia nimwachie niende zangu. Tukafikishana baraza la ardhi.

Bi Zuhura aliapa, akaeleza yote, hata utani wake. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno ya mkataba yakiwa wazi, baraza huyasoma kama yalivyo. Maneno ya mdomo hayaongezi wala hayapunguzi kilichosainiwa. Mila ingesaidia kama mkataba ungekaa kimya, na huu haukukaa kimya.

Nikauliza, "Mheshimiwa, na mikorosho?"

"Shamba utalirudisha kama ulivyolikuta. Ulikuta nini?"

"Pori, mheshimiwa. Pori na visiki."

"Basi umejijibu."

Bi Zuhura alitoka nje akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Karatasi imemshinda marehemu," akasema.

Shabani akanifuata, meno yote nje. "Dada, wewe nenda salama. Hiyo mikorosho usijisumbue nayo, iache tu."

"Hukusikia? Nirudishe kama nilivyokuta. Nitakurudishia pori lako."

Akacheka, kisha meno yakarudi ndani. "Dada, tusifike huko. Tuzungumze."

"Tuzungumze? Maneno ya mdomo hayaongezi wala hayapunguzi."

Tangu siku hiyo natafuta mtu wa shoka. Hakuna. Hata wanaomchukia Shabani wanakataa. Mkorosho uliochanua, wanasema, haukatwi kwa hasira ya mtu. Bi Zuhura kaacha kunisalimia siku mbili, ya tatu akaja mlangoni: "Unamkata Shabani au unamkata mzee?" Nilimkaribisha chai, akakataa.

Kwa hiyo, kaka, nakuomba uje na msumeno wako wa mbao. Huku wewe ni mgeni, hakuna atakayekulaumu.

Mwambie mama korosho za Krismasi zisisubiriwe. Msalimie shemeji, na mchungaji wetu aliyeniombea nilipoondoka. Mweleze nilishika kila kilichoandikwa. Mjomba seremala naye mpe salamu, ila asiulize mbao, mkorosho si mti wa mbao.

Huenda ukifika utanikuta nimelainika, maana asubuhi maua yananukia hadi kitandani. Ikiwa hivyo, usibishane nami, mingine iache. Lakini ule wa njiani ukate. Huo mzee aliushika kwa mkono wake, na siwezi kumwachia mtu aliyesimama barazani akasema baba yake hakuwahi kutamka neno.

Mdogo wako,
Debora