Baba, Babu Alivuka Ziwa

Baba,

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani. Nimekaa hapa mlangoni ulipokuwa ukitengeneza baiskeli za watu, nikaona nikuandikie. Kuna mambo hukuyaona, na wewe ulipenda kuelezwa habari tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwanza, tuko salama. Mama hakurudi kwao Kehancha kama majirani walivyodhani. Ndugu yako mkubwa alikuja akasema hapa Migori ndipo nyumbani kwake, na yeyote atakayemsumbua atamkuta yeye. Mama bado anauza nyanya zake sokoni. Mdogo wangu Ouma ameota ndevu mbili tatu, anazishika siku nzima.

Nyumba imekuwa kimya, ndiyo maana nakumbuka kelele zetu. Mkikosana, wewe ulirudi kwenye Kijaluo, Mama kwenye Kikuria, mpaka hakuna aliyejua ametukanwa nini. Kisha mlicheka, mkarudi kwenye Kiswahili. Nakumbuka ulipomletea Mama omena, vile visamaki vya ziwani, mara ya kwanza, yeye aliyelelewa kwa maziwa na ugali wa wimbi. Akasema hawezi kula kitu kinachomtazama. Ukamwambia, "Basi na wewe kitazame, tuone nani ataona haya." Siku hizi tukizipika, yeye hatuachii kitu.

Lakini nakumbuka zaidi mwaka ule Babu alipougua mguu. Huyo baba yake Mama hakuwa amekanyaga kwetu tangu mlipooana. Alisema binti yake amepotelea kwa wavuvi. Ila hospitali ilikuwa huku mjini, ikabidi mjomba amlete kwetu, akamwacha. Kila asubuhi ulimkalisha kwenye baiskeli, ukaisukuma polepole hadi hospitali, akasafishwa kidonda, ukamrudisha. Hakukusemesha.

Siku moja mvua iliwapata njiani. Babu alipokwisha kubadilisha nguo akamwuliza Mama, mbele yetu sote, "Huyu mtu wako hachoki?" Ukajibu wewe, "Nachoka, mzee. Lakini nikikuangusha, binti yako atanipikia nini?" Babu akacheka mpaka akakohoa. Hatukuwa tumewahi kumwona akicheka. Alipopona akawa hataki kuondoka, anasingizia barabara ina matope, na huku nje jua linawaka.

Sasa, hili ndilo nililotaka ulijue. Tulipokupeleka kisiwani kwenu Mfangano kukuzika, tulijua watu wa upande wa Mama wangeishia Mbita, kabla ya kuvuka. Wale ni watu wa ng'ombe, Baba, ziwa wanalitazama kwa mbali. Babu alifika ufuoni na fimbo yake, akaona mashua inavyoyumba, akarudi nyuma hatua moja. Mjomba akamsihi, "Mzee, rudi. Wataelewa." Babu akamwambia, "Huyu alinipeleka nikiwa siwezi kutembea. Leo nimwache aende peke yake?" Akaingia. Alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuniachia hadi tulipogusa mchanga wa kwenu.

Wazee wa kisiwani walimpa kiti pamoja na ndugu zako. Alipoombwa aseme neno, akasimama, akasema kwa Kiswahili chake kile kizito, "Nimekuja kumzika mtoto wangu."

Hakusema mkwe, Baba. Alisema mtoto.

Mama hakuwa amelia tangu ulipotutoka kule hospitalini. Hapo ndipo alipolia. Nami nililia, lakini nilisikia kitu kinatulia ndani yangu. Nilitamani tu ungekuwapo usikie, hata mara moja.

Sasa nakuahidi. Shule zikifungwa nitampeleka Ouma kwa Babu akae naye, na Pasaka tutavuka kuja kwenu, Ouma na mimi na Mama. Watoto nitakaowazaa watajua kusalimia kote kuwili, na hakuna mlango watakaobisha kama wageni.

Pumzika, Baba. Oriti, kwaheri. Nyar Mfangano, binti wa kisiwani kwenu, amekusalimu, na binti wa Kuria amekusalimu, na wote wawili ni mimi,

Boke wako.