Miwani ya Kahawia Niliyokutumia

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshuka salama kutoka kwenye mapaa ya watu, na goti lako limeacha kununa. Sisi tu wazima, ila usingizi umetuhama: mjukuu wako anaota jino, na analitangazia mtaa mzima.

Mama ameniambia kwenye simu kuwa macho yako ni mekundu, yanachonyota kama yameingia mchanga kila ukitoka kupiga bati. Anasema ukiulizwa unajibu ni uzee tu, na kwamba bila miwani ya binti yako ungeshapofuka. Eti mafundi wenzako unawaazima waijaribu, kisha unawanyang'anya kama mtoto. Yeye alicheka. Mimi nilisingizia mtoto analia, nikakata simu.

Kazi yangu unaijua: natia rangi vioo vya miwani. Kila kioo huchovywa mara mbili. Beseni la kwanza ni la rangi. La pili ni la dawa ya kuzuia miale ya jua inayounguza macho, na dawa hiyo haionekani. Kioo kikishatoka humo, kwa kutazama tu huwezi kujua kama kina dawa au hakina. Siku ile nilipokuwa natengeneza yako, jirani anayenishikia mtoto alipiga simu kwamba homa imempanda. Rangi nilikuwa nimemaliza, dawa bado. Nikafunga, nikakimbia.

Baba, usinitafutie udhuru kwamba sikujua. Nilijua. Kesho yake niliona haya kumwomba msimamizi beseni tena, nikajiambia rangi imekolea, itatosha, nikaituma. Na tulifundishwa siku ya kwanza kabisa: kioo cheusi kisicho na dawa huifanya mboni ifunguke kama iko gizani, miale ikaingia bila hodi. Afadhali ungebaki na kofia yako na kukunja uso.

Ivue leo. Ivunje, usimpe mtu. Hao uliowaazima waambie ni kosa la binti yako, usinifichie. Na uende kwa daktari wa macho kabla hujapanda paa lolote, hapo sikubembelezi.

Kwenye kifurushi hiki kuna nyingine. Imepita mabeseni yote mawili, na msimamizi ameipima mbele yangu baada ya kunisema nilivyostahili. Imepauka kidogo. Wenzako watakucheka kwamba safari hii nimekubania rangi. Ivae hivyo hivyo.

Msalimie mama. Mweleze wewe, mimi kwenye simu ulimi utanigoma.

Mwanao,
Kasuku