Mpaka wa Skelby

Kaka Desmond,

Kanada hamjambo? Juzi tuliuzunguka mpaka wa kata yetu kwa miguu kama kila mwaka, ingawa bahari imeshameza nusu yake. Tulisubiri maji yapwe, tukavaa mabuti ya mpira, nami diwani wa kata nikatangulia mbele ya wanakijiji na fimbo ya baba.

Afisa wa wilaya, anayetaka tuunganishwe na kata jirani ya Holmby kwa kuwa tumebaki wachache, alituita kutoka juu, ukingoni mwa jabali.

"Bi Thurlow, hapo ni baharini."

"Hapa ni Skelby, mwanangu. Bahari ni mpangaji tu."

Wenzangu walicheka hadi akaondoka.

Nyumba aliyotuachia mama imeanza kuporomoka, jiko kwanza. Usilie. Tulipita juu ya matofali yake kule ufukweni, na bado yamo ndani ya mpaka.

Dada yako asiyehama,
Beryl