Mvumo wa Shingoni

Jumatatu, 3 Machi
Leo duka letu la keki limefunguliwa bila mimi. Wifi yangu kabadilisha kufuli — eti mikono yangu inayotetemeka inamharibia jina. Na wateja kawaambia nakunywa pombe. Mimi! Mume wangu naye, badala ya kumkanya dada yake, kanisimamisha mlangoni akaninusa mdomo. Kaninusa. Hilo watalilipa wote wawili.

Jumatano, 5 Machi
Si pombe, si wazimu. Ni tezi ya shingo. Daktari kanipaka majimaji ya baridi shingoni, kapitisha kifaa, na kwenye skrini tezi nzima ikajaa rangi nyekundu na bluu. Kasema hiyo ni damu, inapita kwa wingi na kwa kasi isiyo ya kawaida. Kinga ya mwili inaichokoza tezi, nayo haipumziki. Ndiyo maana natetemeka, nakonda, macho yamenitoka. Kisha akanivalisha masikioni kile kipimo cha kusikilizia moyo, akakigusisha shingoni, nisikilize mwenyewe. Vuuu, vuuu, damu ikivuma. Nikacheka mpaka akanishangaa. Nimepata shahidi!

Kanipa vidonge, nianze leo leo, moyo usije ukazidiwa. Vikishafanya kazi, mvumo utapungua.

Utapungua kabla wifi hajausikia? Thubutu.

Ijumaa, 7 Machi
Sijameza. Jumapili familia inakutana kwa mama mkwe. Mume wangu yuko safarini, ataunganisha huko huko. Wifi ataweka kipimo masikioni mbele ya watu wote, halafu arudie neno lake. Nimekiazima kwa jirani, muuguzi. Kaniuliza kama nimeanza dawa. Nimeanza, nikamwambia, macho makavu.

Ngazi za nyumbani zimenishinda leo. Jasho tu. Nitavumilia.

Jumapili, 9 Machi
Naandikia wodini. Mwandiko mbovu.

Wifi kasikiliza. Mama mkwe ndiye aliyemwamuru. Uso ukamshuka, nami nikaona raha ambayo sijawahi kuionja tangu niolewe. Sema sasa, nikamwambia, mlevi nani? Akajibu kwa sauti ndogo: wifi, mbona moyo wako unarukaruka? Nikataka kumtukana, pumzi ikanikatika.

Yeye ndiye aliyenibeba hadi kwenye gari. Yeye ndiye aliyemwambia muuguzi hapa: huyu hanywi, nilimsingizia. Nimeyasikia kwa masikio yangu. Halafu alipotafuta simu yangu kwenye pochi akakuta vidonge, pakiti haijafunguliwa. Kaniuliza kama nilikuwa tayari kufa ili yeye aaibike.

Nilikuwa tayari.

Sasa kakaa kando ya kitanda, kidonge mkono huu, glasi ya maji mkono ule, analia kimya kimya, ananibembeleza kama mtoto. Inanipendeza. Daktari kapita, kasema moyo hautaki mchezo, nimeze sasa hivi.

Lakini gari la mume wangu lilichelewa, hakuyaona ya mchana. Kapiga simu, yuko njiani anakuja. Yeye bado hajausikia mvumo wangu.

Wifi anasema, fungua mdomo, tafadhali.

Nimeufumba.