Mtikisiko Tulioufuta

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mama hajambo? Mimi mzima wa mwili, ila nina hofu, na kwa mambo ya majengo sina wa kumwuliza ila wewe fundi mwashi.

Kazi yetu maabara unaijua: vibamba vya chuma vidogo kama punje ya mchele, tunavipigia sauti na kupima jinsi vinavyotikisika. Mwanga wa leza tunaugawa mara mbili. Nusu inagonga kibamba, nusu inagonga kioo kilichotulia. Zikikutana tena, tofauti yake inatuonyesha hata mtikisiko ambao jicho haliwezi kuuona. Tatizo, sakafu nayo hutikisika, kwa hiyo kompyuta huufuta mtikisiko wake kabla hatujatazama. Juzi nilisahau kuiamuru ifute. Nikauona. Nikafukua vipimo vya nyuma: miezi mitatu sasa, kila wiki sakafu inatikisika polepole zaidi. Mkuu wa maabara anasema hizo ni takataka, na ameshanibatiza Bibi Wasiwasi. Chini yetu kuna kiwanda cha washonaji arobaini.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, mama anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara tatu na imeninyima raha. Jengo imara hutikisika kwa haraka. Likianza kulegea, linakuwa zito kama mlevi.

Kakague nguzo za chini. Ukiona ufa, upake plasta nyembamba, uandike tarehe juu yake. Plasta ikikatika, jengo linatembea. Hapo usingoje ruhusa ya mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa mwingine si wa kuziba, ni wa kukimbia.

Kabla hujazaliwa niliwahi kuuona ufa wa namna hiyo. Nikamwogopa bosi, nikanyamaza. Walikufa wawili. Hata mama yako hajui.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijaumia, natanguliza hilo usije ukaanguka.

Plasta niliipaka Jumatatu, kwenye nguzo iliyo nyuma ya marobota ya vitambaa. Jumatano asubuhi ilikuwa imekatika. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Washonaji walinicheka, kisha msimamizi wao akaja kuiona mwenyewe, akawatoa wote. Mkuu wangu naye akatoka, akinung'unika.

Nje nikamwonyesha mchoro wa ile miezi mitatu. Aliufuata kwa kidole, wiki kwa wiki.

"Dada, kumbe ni kweli," akasema. "Bila vipimo vyenyewe, kesho mwenye jengo atawarudisha hawa ndani."

Vipimo vilikuwa kwenye kompyuta, juu. Nilimshika shati, akajinasua, akaingia. Ngazi ndizo zilizotangulia kuanguka.

Washonaji wote wapo. Yeye wamempata jana, chini ya kifusi.

Baba, nilipochora ule mchoro nilitaka jambo moja tu, aniamini. Aliniamini, ndiyo maana akarudi. Naogopa kulala, naogopa hata kukanyaga sakafu. Usiandike. Njoo.

Binti yako